Mbunge amevuta kiti akakaa na mzee

Wiki hii Baraza la Wawakilishi hapa Marekani halina vikao, kwa hiyo mbunge wetu yuko jimboni. Nimetoka kwenye mkutano wake sasa hivi.

Wengi waliuliza kuhusu bei za dawa. Majibu yalikuwa yale yale.

Kisha akasimama mzee mmoja, askari mstaafu, ameshika bahasha iliyochakaa pembeni. Malipo yake yamekwama, na kila akipiga simu anaambiwa asubiri.

Mbunge hakuhutubia. Alishuka jukwaani, akavuta kiti, akasoma zile karatasi moja moja.

Msaidizi akaleta fomu ya idhini, maana kwa Sheria ya Faragha ya mwaka 1974, ofisi yake haiwezi kufuatilia faili la mtu bila saini ya mwenyewe. Mkono wa mzee ulikuwa unatetemeka.
Mbunge akamshikia karatasi isiteleze.

Wako 435, na kwa wastani kila mmoja anawakilisha watu zaidi ya laki saba. Lakini dakika zile zote zilikuwa za yule mzee. Nimefurahi mno, jamani.

Nyie je, mmewahi kumpelekea mbunge wenu shida? Alifuatilia? Niambieni hapa.