Miji ya mimba ya popo

Jamani, tangu mchana nipo kwenye hadubini nikilinganisha miji ya mimba ya popo, na sitamani kuondoka. Pteropus, wale wakubwa wala matunda, wana vyumba viwili kamili, kila kimoja na shingo yake ya kizazi. Carollia wa Amerika ya Kusini wana chumba kimoja tu, kama binadamu! Na wote ni popo.

Ila aliyeniteka ni Eidolon helvum, yule anayejaa mitini Kampala. Mimba ikishatungwa, kiinitete huelea kwa miezi kadhaa bila kujishikiza ukutani, ndipo kikue, na watoto huzaliwa karibu msimu mmoja. Popo wengi wa Ulaya nao hutunza mbegu za dume tumboni majira yote ya baridi. Haya yafundishwe sekondari!