Msiba wa Kwanza Bila Uani wa Jirani

Bibi alifariki alfajiri, mwaka 2016. Hata simu za Muheza na Pangani hazijapigwa, mjomba alishauliza: "Sasa tunapika wapi?"

Zamani swali hilo halikuwepo. Nyumba zetu za Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba, ni za mtindo mmoja: vyumba vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati unaotoka barazani hadi uani. Uani kwetu tulishajenga vyumba vya kupangisha, kwa hiyo misiba yetu ilipikiwa kwa jirani wa nyuma. Sikumbuki mtu kuomba ruhusa. Masufuria yalipita tu, wanawake wakatandika mikeka ukumbini kwake kama wako kwao.

Mzee yule jirani alipofariki, warithi walikuwa saba. Nyumba moja haigawiki mafungu saba. Ikauzwa, ikavunjwa, ikapanda ghorofa tatu, chini fremu za maduka, juu wapangaji. Siwalaumu. Nasi tungeuza.

Kupika kulipata ufumbuzi, tulipanga mafiga barabarani. Kilichotushinda ni kuosha maiti. Ufuo, kile kishimo cha kupokea maji ya kuoshea maiti, ulichimbwa kwenye kipande cha ardhi kilichobaki karibu na choo, shangazi zangu wakazungushia kanga pande zote, kisha mmoja akainua macho. Madirisha ya ghorofa yalikuwa yanatutazama, na kwenye kibaraza cha juu kijana anaanika taulo. Ilibidi turubai tulilokodi kwa ajili ya wanaume likafunguliwe nje, lije lifunike uani. Wazee wa msikitini wakabaki bila turubai, viti vimebanana kwenye kivuli chembamba cha hilo hilo ghorofa, mpaka jeneza lilipotoka.

Jioni yule kijana alishuka na bahasha ya rambirambi. Alimpa mjomba mkono kwa adabu, akauliza marehemu alikuwa nani. Alikuwa akiishi pale zaidi ya mwaka, na bibi alikuwa akianika mpunga chini ya dirisha lake. Shangazi mkubwa alipokea bahasha, akashukuru, halafu akarudi kwenye sinia la mchele. Waliokuwa wakichagua naye walikuwa watatu, wote wa ukoo.

Hitima ya arobaini hatukuhangaika na mafiga. Tulimwagiza mpishi, pilau ikaja kwa bajaji imeshaiva, na kufika alasiri mikeka ilikuwa imekunjwa.