Magnolia yako imekuwa nyeusi? Ngoja kwanza kabla ya dawa

Jamani wenye miti ya magnolia kwenye kompaundi, mvua zikianza tu picha zinazoingia kwa WhatsApp yangu ni zile zile, majani meusi, majani yana madoa, na swali ni moja, "kaka, ninyunyize dawa gani?" Mimi namuuliza mtu kwanza, huo weusi ukiupitisha kidole unatoka?

Ukitoka, na kidole kikabaki kama umeshika sufuria iliyotoka kwenye sigiri, huo ni ukungu uliokaa juu ya jani tu, haujaingia ndani. Unakula majimaji matamu yanayodondoshwa na wadudu magamba walioko matawini juu yake. Angalia vijiti vya matawi na chini ya majani, utaona vivimbe vya kahawia ambavyo ukivitazama haraka unadhani ni gome, kwangua kimoja na ukucha, kikibanduka kikaacha unyevu basi ni mdudu huyo. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shina wafuate, wanaenda kwenye utamu, tena wanawalinda hao magamba wasiliwe. Sasa wewe nyunyiza dawa ya ukungu mpaka hela iishe, weusi utarudi kwa sababu mpishi bado yuko jikoni.

Mti mdogo chukua mswaki wa zamani na maji ya sabuni, sugua. Mkubwa tumia mafuta ya mwarobaini, jioni jua limepoa, na yafike chini ya majani, halafu urudie baada ya wiki moja au mbili maana mdudu mkubwa amejifunika gamba na dawa inampita hivi hivi, wanaokufa ni vitoto vinavyotambaa. Sumu kali mimi sipendi, inaua hata wale wadudu wekundu wenye madoa meusi ambao kazi yao ni kula hao hao magamba.

Halafu kuna wanaoogopa bure. Magnolia grandiflora, hii ya majani mazito yanayong'aa, asili yake kusini mashariki mwa Marekani, chini ya jani mara nyingi ina manyoya ya rangi ya kutu. Sio ugonjwa wa kutu jamani, ndivyo ilivyo! Na jani kuukuu la ndani likigeuka njano na kuanguka, hilo limezeeka tu.

Madoa ya kweli ni yale ya duara, katikati kijivu, ukingo wa zambarau au kahawia. Huku Entebbe, Uganda, na unyevu wa ziwa hayakosi. Matone ya mvua ndiyo yanayoyarusha jani hadi jani, kwa hiyo okota majani yaliyoanguka uyachome, punguza matawi upepo upite, na ukimwagilia mwaga chini, sio juu ya majani. Dawa ya kopa, yaani ya madini ya shaba, inasaidia mche mdogo ikipigwa kabla madoa hayajaenea. Mti mkubwa wenye madoa machache uache.

Kinachoniumiza mimi ni mizizi. Ya magnolia ni minene, laini, na iko juu juu, halafu mtu anapaki gari hapo au anamwaga maramu mpaka shingoni mwa shina. Ukiona mti umenyauka na udongo umelowa, usiongeze maji, mizizi inaoza, na hapo dawa haina kazi sana kama hujachimba mfereji maji yaondoke. Sehemu ya bondeni panda juu ya tuta.

Likinyauka tawi moja upande mmoja, likate uangalie ndani, mistari myeusi kwenye mbao inaweza kuwa verticillium, ugonjwa wa ukungu ambao unakaa kwenye udongo na hauna tiba. Kata matawi yaliyokauka, na hapo chini usipande nyanya wala biringanya, nazo zinaugua huo huo. Vidonda vya gome navyo vingi vinaanzia pale fyekeo lilipogonga shina, mwambie anayekata nyasi aache nafasi, weka matandazo badala ya nyasi lakini yasiguse shina. Tawi lenye kidonda kata kiangazi, ufike kwenye mbao safi, na msumeno uufute na spiriti kabla hujahamia tawi lingine.