Mkojo Rangi ya Turungi

Sikukuu ya Iddi, mama alifungua sanduku la kanga chumbani kwake Mji wa Kale. Mtoto wa dada yangu, miaka mitatu, akaokota kidonge cha naftalini akidhani peremende. Tulipompokonya alishakimaliza nusu. Akacheka, akala biriani, tukasahau. Baada ya siku mbili tatu akawa wa kulala tu, macho manjano, na dada akaja na poti mkononi: mkojo rangi ya turungi.

Hospitalini, daktari wa kike, mdogo wangu kwa umri, aliuliza moja kwa moja kama nyumbani tunaweka dawa ya nondo. Mtoto alipokwisha kutundikiwa damu, akageuza fomu ya maabara akatuchorea. Sukari ikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu, nyingi hushika njia ya kutoa nguvu. Kiasi kidogo huchepuka kwenye njia ya pentosi, na mlangoni pake kuna kimeng'enya cha G6PD. Huko ndiko chembe inakopata kinga dhidi ya sumu kama ya naftalini. Chembe nyingine za mwili zina njia za akiba. Hii nyekundu haina mitokondria, vile vinu vya nguvu vya ndani ya chembe, inategemea hiyo hiyo moja. Kimeng'enya kikiwa dhaifu, chembe hupasuka, na wekundu wake hutokea kwenye mkojo. Pale penye mchepuko alikata mistari miwili, kalamu ikatoboa karatasi.

Nikataka kipimo siku ileile. Akakataa: chembe kuukuu ndizo zilizokufa, changa zilizobaki zina kimeng'enya zaidi, majibu yangetudanganya. Turudi baada ya miezi mitatu. (Nilimwamini hapo hasa.)

"Mwanangu, haya yametoka wapi?" mama akauliza.

"Kwa upande wa mama, Bibi. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, ndiyo maana huwapata zaidi wanaume. Na huku Pwani ipo kwa wingi kwa sababu humpunguzia mtu makali ya malaria."

"Basi ndiyo ya marehemu kaka yangu. Alipewa vidonge vya malaria utotoni, akakojoa vivi hivi. Sisi tukamfanyia zinguo."

Daktari hakucheka. Akasema hata Marekani, mwaka 1956, upungufu huu ulijulikana kwa watu waliodhuriwa na primakwini, dawa ya malaria vilevile.

Jioni mama alishika simu, Malindi kwanza, kisha Lamu, akiulizia watoto wa kiume wa kila dada yake, na kuamrisha masanduku yafunguliwe, naftalini itupwe.