Saa kumi si 10:00: siku yangu moja kliniki ya wanyama, Nakuru

Saa 11 na dakika kumi alfajiri. Simu inaniamsha kabla ya kengele. Ni mzee mmoja wa Bahati: ng'ombe wake amezaa jana jioni, sasa amelala chini na shingo ameikunja ubavuni. Shingo ikishakunjwa hivyo sihitaji maelezo mengine, hiyo ni homa ya maziwa. Nabeba chupa za kalsiamu, natoka bila chai.

Nafika giza halijaisha. Mzee ananimulikia kwa simu, mimi natafuta mshipa wa shingo, dawa inaingia polepole huku nikisikiliza moyo. Haikupita nusu saa, ng'ombe akatetemeka, akajamba kwa kishindo, akainuka. Mzee akacheka, akanilipa nusu pesa taslimu na nusu maziwa. Hakuna aliyeniuliza cheti, mhuri wala nambari ya ng'ombe. Nimeanza na huyo makusudi, maana yaliyofuata siku nzima yalikuwa makaratasi tu, ya wanyama wanaosafiri nje ya nchi.

Saa 2 na nusu. Kliniki yetu iko Section 58, vyumba viwili na veranda. Mgeni wa kwanza ametoka Naivasha: mama wa Kiholanzi ambaye mume wake anafanya kazi kwenye shamba la maua, pamoja na mbwa wake Githeri. Githeri ni mbwa koko halisi, alimwokota Karagita akiwa mtoto, sikio moja limesimama na jingine limelala. Jina linamfaa, githeri ni mahindi na maharagwe yaliyochanganywa. Kwenye fomu, mahali pa aina ya mbwa, huwa naandika "mchanganyiko", kwa sababu neno koko halina nafasi yake huko Ulaya.

Amekuja tumtoe Githeri damu ya kupima kinga ya kichaa cha mbwa. Familia inarudi Uholanzi baada ya miezi mitatu na anajua hesabu: siku 30 baada ya chanjo ndipo damu inatolewa, na miezi mitatu baada ya kutolewa damu ndipo mbwa anaingia Umoja wa Ulaya. Amejisomea vizuri. Nikapitisha skana mabegani, ikalia, nambari 15 za chipu iliyo chini ya ngozi zikatokea. Nikafungua kadi ya chanjo. Nikaifunga. Nikaifungua tena.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ilidungwa Februari. Chipu iliwekwa Mei.

Kwa sheria ya Ulaya, chanjo iliyotangulia chipu ni kama haikuwahi kudungwa. Chipu ndiyo inayosema huyu ni nani. Kabla haijaingia, karatasi haiwezi kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa Februari ndiye huyu anayenilamba kiwiko sasa. Vinaweza kufanywa siku moja, lakini chipu ndiyo itangulie. Aliyemhudumia Githeri hakukosea kitabibu hata kidogo, mwili wa mbwa umekingwa sawasawa. Alikosea mpangilio tu, na mpangilio ndio wanaoukagua kule uwanja wa ndege.

Mama yule alinyamaza, kisha akasema neno la Kiholanzi ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Tukachanja upya papo hapo, nikabandika stika ya chupa kwenye kadi, nikaandika tarehe ya leo. Sasa ni siku 30, kisha damu, kisha miezi mitatu. Githeri atachelewa familia yake kwa mwezi mmoja na zaidi. Akauliza kama jirani anaweza kumleta baadaye. Anaweza, ila kuna fundo lingine: mnyama wa nyumbani anatakiwa kusafiri ndani ya siku 5 kabla au baada ya mwenyewe. Zikizidi, anaingia kwenye masharti ya wanyama wa biashara, hata kama hakuna aliyemuuza wala kumnunua. Kwa hiyo ama yeye arudi Kenya kumchukua, ama akubali masharti hayo. Akasema atarudi. Nikamwamini, kwa jinsi alivyokuwa amelishika lile sikio lililolala.

Saa 4 na nusu. Simu. Kijana wa Lanet amepata grini kadi, anataka kwenda Marekani na mbwa wake mdogo wa miezi minne, ndege ni mwezi ujao. Namwambia haitawezekana. Tangu tarehe 1 Agosti 2024 mbwa yeyote anayeingia Marekani lazima awe ametimiza miezi 6, awe na chipu, na fomu ya CDC, idara yao ya kudhibiti magonjwa, iwe imejazwa. Sisi tuko kwenye orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo mbwa aliyechanjiwa hapa anahitaji pia fomu ya chanjo iliyoidhinishwa na daktari wa serikali, nafasi iliyowekwa mapema kwenye kituo cha wanyama kinachotambuliwa na CDC, na atue kwenye kiwanja chenye kituo hicho, si popote. Asipokuwa na kipimo cha damu, ni karantini siku 28 kwa gharama ya mwenyewe.

"Daktari, kwani mbwa wangu ana kichaa?"

Swali hili naulizwa kila wiki, na huulizwa kwa uchungu, kana kwamba ni mtoto wao aliyeitwa mwizi. Namjibu kwamba hawamsemi mbwa wake, wanasema mahali. Kisha nikamuuliza mbwa wa majirani zake wangapi wamechanjwa. Akacheka. Ili ugonjwa huu ukome inatakiwa mbwa 70 katika kila 100 wawe na kinga, na mbwa wengi ninaowaona wakizurura nyuma ya vibanda vya nyama hawajawahi kuona sindano. Tulijiwekea mpango wa kuutokomeza kati ya 2014 na 2030. Mwaka 2030 ndio huo unagonga mlango.

"Na ningekuwa na paka?" akauliza. Paka ni rahisi zaidi, CDC haidai cheti cha kichaa kwa paka. Akasema basi angefuga paka.

Saa 5 na robo. Paka sasa. Anaitwa Mashavu, wa rangi ya chungwa, kaletwa na mama wa makamo kutoka Free Area ndani ya kikapu cha sokoni kilichofungwa kwa leso. Binti yake ni muuguzi, amepata kazi Ujerumani, kwa sasa yuko Nairobi anamalizia masomo ya Kijerumani. Mama ameachiwa kazi ya paka.

"Daktari, mimi nimezaa watoto wanne, hakuna aliyewahi kutolewa damu ikapelekwa Ujerumani. Leo paka?"

Nikamwambia damu ya Mashavu itafika huko kabla ya binti yake. Hiyo ikamfurahisha kidogo.

Kwa Mashavu kila kitu kiko sawa: chipu kwanza, chanjo siku ileile, na leo ni siku ya 31. Tulimfunga taulo, kijana wetu akamshika kichwa juu, mimi nikanyoa kiraba kidogo shingoni na kuchota mililita mbili. Paka alinitazama kwa chuki isiyo na mwisho lakini hakukwaruza. Damu ikaachwa igande, ikazungushwa kwenye mashine, juu ikabaki ile seramu ya manjano hafifu kama mafuta ya kupikia. Hiyo ndiyo inayosafiri. Kule maabara wanapima kingamwili. Lazima zifike angalau vizio 0.5 kwa kila mililita. Zikifika, na chanjo ikiwa inarudiwa kila mara kabla muda wake haujaisha, kipimo hicho kinatosha maisha yote ya paka. Ukichelewa kurudia hata siku moja, unaanza upya.

Mama akataka kujua kwa nini paka wa Marekani anaingia Ujerumani bila mambo haya ya damu. Ni kweli anaingia, nchi yake iko kwenye orodha ya Ulaya ya nchi zisizodaiwa damu na yetu haimo. "Kumbe hata paka ana pasipoti mbaya," akasema, akafunga kikapu chake.

Saa 8. Ndengu na chapati mbili kwenye kibanda cha nyuma. Chupa ya Mashavu imekwenda kwa boda hadi ofisi ya vifurushi, ndani ya boksi lenye barafu. Hapo mchana ndipo napumua, na ndipo niwaambie kisa kilichonifundisha kazi.

Mwaka wangu wa pili nilimpa mbwa wa kwenda Uingereza dawa ya minyoo ya tegu saa kumi jioni. Kwenye kadi ya kliniki nikaandika 16:00. Usiku, nikiwa nimechoka, najaza cheti, kichwani nikasema "saa kumi", mkono ukaandika 10:00. Mwingereza hajui saa yetu. Kadi ilisema jioni, cheti kikasema asubuhi, saa sita nzima zimepotea kati yao, na cheti chenye kufutwafutwa hakipigwi mhuri. Tukarudia kila kitu, dawa ikiwemo, na tiketi ikasogezwa kwa gharama ambayo nusu yake niliilipa mimi. Tangu hapo ukutani nimebandika karatasi: SAA KUMI SI 10:00. Wateja hudhani ni methali.

Saa 10 jioni, yaani 16:00. Bosi amefika. Ni labrado wa miaka 11, mweupe mdomoni, wa mzee wa Njoro ambaye ni Mwingereza aliyezaliwa hapahapa na Kiswahili chake kinanishinda. Anahamia kwa binti yake. Ndege ni Jumamosi usiku, leo Alhamisi.

Kwa Uingereza tegu ni jambo la mbwa tu, paka hawamo. Dawa yenye prazikwanteli itolewe na daktari kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika, na daktari aandike tarehe na saa. Nikampa Bosi vidonge ndani ya kipande cha soseji, nikamshika taya mpaka akameza, nikatazama ukuta, nikaandika 16:05.

Mzee akaniuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, huwezi kumpa kitu cha kumlaza? Ni mzee mwenzangu." Nikakataa. Mnyama aliyelazwa kwa dawa hashiki mwili wake vizuri, presha na pumzi vinaweza kushuka angani na hakuna wa kumwona. Mashirika ya ndege yenyewe huwakataa. Dawa ya Bosi ni kreti, sanduku lake la kusafiria. Nilimwambia mwezi uliopita aiweke sebuleni mlango wazi, chakula kiwe humo. Sasa, anasema, Bosi analala ndani na kumnyima paka nafasi. Tukaipima tena: anasimama bila masikio kugusa juu, anageuka, anajinyoosha. Bakuli la maji limefungwa mlangoni.

Kilichomuuma mzee ni kwamba hawatakaa pamoja. Uingereza haipokei mnyama ndani ya chumba cha abiria, lazima aje kama mzigo wenye hati yake. "Kama maua ya Naivasha," akasema. Nikamwambia maua huwekwa kwenye baridi, Bosi hatawekwa. Hakucheka.

Saa 2 usiku. Nyumbani. Kesho asubuhi nakwenda Kabete, kwenye ofisi ya daktari mkuu wa mifugo wa serikali, cheti cha Bosi kikaidhinishwe. Uzuri wa Kabete ni kwamba iko upande wetu wa Nairobi, huhitaji kuingia mjini. Ubaya ni malori ya Mai Mahiu.

Binti yangu wa darasa la tano ndiye mkaguzi wangu. Mimi nasoma nambari ya chipu kutoka kwenye cheti, yeye anafuata kwenye kadi kwa kalamu ya risasi. Tulianza kwa mchezo, sasa siwezi kulala bila yeye. Nikasoma tisa, nane, moja, sifuri... Tukafika nambari ya kumi na moja.

"Baba, rudia hapo."

"Sita."

"Hapa ni tisa."

Nikaichukua kadi, nikaisogeza chini ya taa. Ni tisa. Printa iko kliniki. Nikaishika simu, kengele nikaivuta kutoka saa kumi hadi saa tisa na nusu, na mara hii nikahakikisha simu imeandika 3:30.