Presha ikishuka, figo zinapata ahueni

Jamani hii ya presha na figo naomba tusiichukulie poa. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana, kama milioni moja hivi, na presha ikikaa juu damu inapita pale kwa nguvu mpaka vinapata makovu, na kovu la figo halifutiki, sasa protini inaanza kuvuja kwenye mkojo, ndo unaona lile povu lisiloisha hata ukiflashi.

Kushusha presha kwa dawa yoyote kunasaidia, ila kama protini inavuja, dawa za presha kama losatani na ndugu zake au ramiprili zinafanya kitu cha ziada, zinalegeza kamshipa kanakotoa damu kwenye kichujio, mgandamizo mle ndani unapungua. Ndo maana wiki za mwanzo kreatinini (ile taka ya kwenye damu inayopimwa kuona figo zinachuja vipi) inaweza kupanda kidogo, watu wanapaniki wanaacha dawa wenyewe, inaniuma sana hii! Ikipanda chini ya asilimia 30 kwa kawaida madaktari wanaendelea nayo tu, muhimu urudi upimwe damu, na potasiamu pia. Na zile dawa za maumivu, diklofenaki, za kumeza kila siku bila kumuuliza daktari, tafadhali achana nazo.