Dalali wangu nilimlipa mwenyewe, na nyumba nimeipata

Ukitangaza Mtwara kwamba unatafuta nyumba ya kununua, utapewa ushauri mmoja kila kona: usitoe hata shilingi kwa dalali, anayemlipa ni muuzaji. Mimi niliambiwa kazini, nikaambiwa kwenye kikao cha harusi, nikaambiwa na watu wenye nyumba zao ambao nilitegemea wanajua. Ushauri huu unaumiza watu. Siku ya mauzo fedha zote zilizopo ni za mnunuzi. Muuzaji kaleta nyumba tu. Kwa hiyo dalali akilipwa na muuzaji, akijilipa kwa cha juu, yaani kile anachoongeza juu ya bei ya mwenye nyumba, au akilipwa na pande zote mbili, hela ni yako. Tofauti ni kwamba hukuulizwa ni kiasi gani, na uliyemlipa anafanya kazi ya kupandisha bei unayoilipa wewe.

Haya niliyaona kwa macho yangu Shangani. Nyumba ilikuwa nzuri, vyumba vinne, na hati yake. Tulikwenda na madalali watatu: mmoja ndiye aliyenipokea mimi, wa pili anamjua jirani, wa tatu ndiye mwenye namba ya mwenye nyumba. Kila mmoja alidai hela yake ya kunionesha. Bei niliyotajiwa ni milioni 42, na kabla hatujabisha hodi yule wa tatu akanivuta pembeni: "Dada, humu ndani usizungumze habari ya bei. Bibi ana presha, akisikia hela anabadilika."

Mimi ni muuguzi, habari ya presha haikuwa na haja ya kunitisha. Niliingia, nikampa bibi shikamoo yake, nikakaa mkekani. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Newala. Kumbe naye ana wakwe Newala! Tukaanza kutajiana koo, nani kamuoa nani, nani alihamia Kitangali, na wale kaka zangu watatu wamesimama mlangoni wanaangaliana. Bibi akaninong'oneza, lakini kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, yaani nyumba nzima ilisikia: "Sasa mwanangu, hiyo milioni 34 mtanipa kwa mkupuo au mtanikatia vipande vipande?"

Milioni 8 zilikuwa zinaning'inia hewani, na wenyewe wako mlangoni. Nilimjibu bibi kwa heshima kwamba nitarudi na mume wangu. Jioni ile ile nikapigiwa simu kwamba nyumba haiuzwi tena. Walimwendea bibi wakamwambia mimi ni tapeli. Nilisikitika kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu, maana yeye ndiye aliyekuwa anaibiwa mchana kweupe.

Mwanga nilipewa na binamu yangu aliyeko Marekani. Kule kwa miaka mingi muuzaji ndiye alikuwa anatoa asilimia 5 au 6 ya bei, madalali wa pande zote mbili wanagawana, na mnunuzi anaambiwa kwamba kwake huduma ni bure. Maneno yale yale ya kwetu. Watu wakafungua kesi, na mwaka 2024 chama kikubwa cha madalali wa kule, National Association of Realtors, kikakubali kulipa dola milioni 418 kumaliza mashauri. Kuanzia Agosti 17 mwaka huo, dalali anayefuata taratibu za makubaliano yale hamwoneshi mnunuzi nyumba kabla hawajasaini makubaliano ya maandishi. Malipo yanatajwa wazi, kwa kiasi au asilimia, na inaandikwa kwamba yanajadilika. Kipengele kilichonifurahisha kuliko vyote ni hiki: dalali haruhusiwi kupokea kutoka kwa mtu yeyote zaidi ya kile alichokubaliana na mnunuzi wake. Nikasema, hicho ndicho ninachokitaka hapa Mtwara, na sihitaji kusubiri kesi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima ya uwakala. Mtu na mtu wakiandikiana, inatosha kuanzia.

Dalali wangu sikwenda kumtafuta kijiweni kwao. Nilimchukua fundi rangi mmoja kijana wa Magomeni, ambaye pia hutafutia watu vyumba vya kupanga. Fundi rangi anaingia nyumba za watu hadi chumbani. Anajua nyumba ipi imepigwa rangi ili iuzwe, na rangi inaficha nini. Karatasi yetu ilikuwa ya ukurasa mmoja, wakili akatugongea mhuri. Ada yake ni milioni 1, haipandi wala haishuki. Laki mbili nilimpa mwanzoni za nauli na kuhangaika, inayobaki ni baada ya kukabidhiwa funguo. Asipokee chochote kwa muuzaji wala kwa dalali mwingine, na akipokea, ada imekufa na ya mwanzo anarudisha.

Halafu nikaongeza kitu ambacho najivunia mpaka leo: kila hela atakayoipunguza kwenye bei, sehemu ya kumi ni yake. Ukimlipa dalali asilimia ya bei ya kununulia, unamwomba apandishe. Mimi nilimlipa kushusha. Na bei ya kuanzia tukakubaliana ni ile atakayoitamka mwenye nyumba mwenyewe, kwa mdomo wake, sote tukisikia, ana kwa ana au simu ikiwa kwenye spika. Bila hilo angeweza kupatana na mtu wataje bei kubwa ya uongo kisha "waipunguze".

Kijana alinifanyia kazi ambayo dalali wa muuzaji asingeifanya hata kwa kiapo. Nyumba moja karibu na bahari niliipenda sana, yeye akapitisha kisu cha rangi chini ya dirisha, plasta ikamwagika unga. Tofali zilifyatuliwa kwa mchanga wa pwani, chumvi inakula ukuta na nondo. Tukaondoka. Alinikataza pia kununua msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba minada ikianza, hela inaingia mjini na kila mwenye nyumba anaongeza bei. Tulisubiri Machi, hela zimeisha na mvua inanyesha, paa linalovuja linajionesha lenyewe.

Iliyopatikana ilikuwa ya mirathi, huko Chuno. Mtoto mkubwa ndiye msimamizi, ana barua ya mahakama ya mwanzo. Mimi niliona imetosha. Kijana akauliza: "Na mjomba wao anasemaje?" Kwa sisi Wamakonde mjomba ana neno, hata kama karatasi haimtaji. Akapanda basi mpaka Nanyamba kumtafuta mzee, akamkuta hana habari kwamba nyumba ya dada yake inauzwa. Mzee alikuja mwenyewe, akakaa na wapwa zake, akasaini kama shahidi. Warithi wote wakasaini pia. Upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa ulionesha hakuna rehani wala zuio, ila kodi ya pango la ardhi ilikuwa inadaiwa. Ikakatwa kwenye bei. (Kama mwenye nyumba yuko hai na ana mwenza, daini ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda, na nyumba inaweza kukufikisha mahakamani.)

Madalali wa kijiweni walimfuata. Walimpigia tukiwa pamoja, akaweka spika: bei ninayotajiwa mimi iongezwe milioni 2, naye wampe laki tano. Akawajibu, "Mimi nina mtu wangu, kashanilipa," akakata.

Bei iliyotamkwa ilikuwa milioni 36, tukaishia 31. Fedha ilipita benki kwenda akaunti ya mirathi, si mkononi mwa mtu. Kodi ya mapato ya mauzo ilibaki kwa muuzaji na mkataba ukasema hivyo, ushuru wa stempu, karibu asilimia 1, nikalipa mimi. Kijana alipata milioni yake na laki tano juu, akanisainia risiti, na sijawahi kutoa hela kwa moyo mweupe kama siku ile.

Wifi yangu wa Nachingwea ameinakili ile karatasi kutafutia nyumba yake. Dalali wake alikataa sehemu ya kumi, akataka ya tano lakini ada ishuke iwe laki sita. Nilimwambia akubali haraka.